Simbilisi wanakufa, wanaharisha au hawakui: tafuta chanzo kabla ya dawa

Simbilisi (kobayi) ni mfugo wa mtu mwenye uwanja mdogo. Kadutu na Bagira, mitaa ya Bukavu ambako nyumba zimebanana mlimani, mbuzi hana pa kusimama, lakini majike saba na dume lao wanaenea vizuri kwenye kizimba cha mita 1.5 kwa mita 1, chenye kuta za sentimita 45. Ndiyo maana watafiti wa CIAT (kituo cha kimataifa cha kilimo cha nchi za joto) na wa chuo kikuu cha Université Évangélique en Afrique cha Bukavu wamewachunguza wanyama hawa Kivu Kusini: wanakula majani, wanazaa haraka, na wanauzwa mmoja mmoja mtoto akihitaji daftari.

Tatizo huanza wakianza kufa. Mwenye nao hukimbilia duka la dawa na kununua kile kilichomponya mbuzi wa jirani. Kwa simbilisi, dawa hiyo mara nyingi ndiyo inayowamaliza waliobaki. Kwa hiyo hapa dalili zinatangulia, chanzo kinafuata, na sindano inakuja mwisho.

Anza na mambo manne

Uzito. Mizani ya jikoni yenye kusoma gramu inatosha. Mpime kila mmoja siku ileile ya juma, saa ileile, kabla ya kuwapa majani. Simbilisi huficha ugonjwa. Manyoya yakianza kusimama na macho kuzama, tayari amepoteza uzito kwa siku kadhaa. Mkubwa wa gramu 700 akipungua gramu 50 kwa wiki bila kuzaa, mtenge umchunguze.

Choo. Punje za kawaida ni ndefu kidogo, kavu, zinafanana. Punje ndogo sana maana yake hali vya kutosha. Choo laini kinachonata miguuni ni cha majani au vimelea. Chenye damu au cha maji matupu ni cha kushughulikiwa haraka.

Mdomo. Mshike mgongo ukiegemea kifua chako, funua midomo kwa kidole gumba. Tazama kama meno ya mbele yamekutana sawa, kama kidevu kimelowa mate, kama fizi zina damu.

Majani. Ingiza mkono katikati ya lundo la majani yaliyokatwa jana. Kama ni moto, yameshaanza kuchacha, na pengine umeshapata jibu.

Anakataa kutembea, analia akiguswa

Hii ndiyo dalili inayosomwa vibaya kuliko zote. Mnyama amekaa pembeni, hanyanyuki kuja kwenye majani, miguu ya nyuma anaiburuta. Ukimshika karibu na goti analia. Magoti yamevimba, manyoya yamekakamaa, pengine fizi zinatoka damu na ana kuhara kidogo. Watu husema ameangukiwa na kitu, au amekanyagwa. Kama ni mmoja tu, inawezekana. Wakiwa watatu kwenye kizimba kimoja, ni upungufu wa vitamini C.

Mwili wa simbilisi, kama wa binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini hii. Unakosa kimeng'enya cha mwisho cha kuitengeneza kwenye ini. Mbuzi, kuku na sungura wanajitengenezea, kwa hiyo chakula kinachowatosha wao kinaweza kumlemaza simbilisi. Mahitaji yake ni kama miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na jike mwenye mimba anahitaji hadi miligramu 30. Akiikosa kabisa, dalili huonekana baada ya wiki mbili au tatu.

Sasa tazama kalenda ya Bukavu. Mvua zinakatika mwishoni mwa Mei; Juni, Julai na Agosti ni kiangazi. Majani mabichi yanaadimika, watu wanahamia kwenye maganda ya mahindi, majani makavu na pumba. Tumbo linajaa, lakini vitamini C karibu haimo: majani yakikauka juani, inapotea. Ndiyo maana vilema huanza kuonekana katikati ya kiangazi, wakati mfugaji anaapa kwamba hajapunguza chakula.

Tiba ni rahisi. Nunua vidonge vya vitamini C vya miligramu 500 kwenye famasi ya watu. Ponda kimoja, changanya na mililita 10 za maji safi. Kila mililita sasa ina miligramu 50. Mpe mkubwa mililita 1 kwa siku, mtoto nusu yake, kwa sindano isiyo na ncha, ukiipitisha pembeni mwa mdomo nyuma ya meno ya mbele na kusukuma polepole ili asipaliwe. Endelea siku 10 hadi 14. Changanya upya kila siku na umwage kinachobaki, kwa sababu vitamini hii huharibika ndani ya maji, na kwenye chombo cha chuma huharibika haraka zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, kuitia kwenye chombo cha maji ya kunywa cha kizimba kizima ni kupoteza pesa.

Mwenye tatizo hili tu huanza kunyanyuka ndani ya wiki moja. Asipobadilika kabisa, rudi uangalie mgongo na mifupa; huenda kweli alikanyagwa.

Kinga ni konzi moja ya kitu kibichi kila siku, hata ndani ya kiangazi: matembele, lengalenga, majani ya kabichi, maganda ya machungwa. Pera lililoiva lina zaidi ya miligramu 200 kwa kila gramu 100, kwa hiyo kipande kidogo kinatosha mnyama mmoja. Shamba dogo la matembele linalomwagiliwa maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni linaokoa kizimba kizima.

Tumbo limejaa kama ngoma, au wanaharisha

Uliza kwanza: nini kilibadilika ndani ya siku tatu zilizopita? Jibu linapatikana karibu kila mara.

Majani yaliyokatwa na umande au mvua na kutupwa kizimbani yakiwa yamelowa yanachacha tumboni. Mnyama anavimba upande wa kushoto na kulia, anakaa amejikunyata, anasaga meno, na anaweza kufa usiku mmoja. Kata majani umande ukishakauka, au uyatandaze kivulini saa tatu hadi nne yanyauke. Usiyarundike. Msimu wa mvua Bukavu hauna asubuhi nyingi kavu, hivyo wenye uzoefu hukata leo jioni majani ya kesho, na kutandaza chini ya paa.

Machicha ya bia (dreshi) ni chakula kizuri na Bukavu yanapatikana, ila yana maji mengi na huchacha. Baada ya siku mbili au tatu harufu inageuka kuwa kali na ukungu unaanza juu. Gramu 20 hadi 30 za machicha mabichi kwa mkubwa zinatosha, kando ya majani, si badala yake. Yenye ukungu usipunguze wala kukausha: tupa.

Kubadilisha chakula ghafla kunaua hata kama chakula kipya ni bora. Bakteria wa utumbo mpana wa simbilisi wamezoea kitu fulani. Changanya kipya na cha zamani kwa siku tano hadi saba, ukianza na robo.

Kama chakula hakikubadilika na wanaoharisha ni watoto walioachishwa ziwa, shuku koksidia, vimelea vidogo vya utumbo. Hawa hukaa kwenye kinyesi na unyevu, na mtoto anawala akila majani yaliyotupwa sakafuni. Weka majani kwenye kihori cha fito kilichoinuliwa, ondoa matandiko yote yaliyolowa, kausha kizimba. Dawa za jamii ya sulfa hufanya kazi, lakini kama sakafu inabaki mbichi utazinunua tena mwezi ujao.

Anayeharisha hufa kwa kukauka kabla ya kuuawa na ugonjwa wenyewe. Mpe maji ya chumvi na sukari (lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi), mililita 5 kila saa moja au mbili mchana kutwa. Machicha, matembele na vitu vyote vya maji acha kwanza. Bakiza majani ya matete yaliyonyauka.

Alipewa dawa, kisha akafa ndani ya wiki

Penisilini, amoksisilini, ampisilini, linkomisini na erithromisini ni sumu kwa simbilisi. Hata oksitetrasaiklini, ile iliyo kwenye kila duka la dawa za mifugo, si salama, hasa ya kunywa. Dawa hizi huua bakteria wema wa utumbo, na pengo wanaloacha linajazwa na klostridia, bakteria wabaya wanaotoa sumu. Mnyama anaonekana kupona kifua siku mbili, kisha anaharisha maji na kufa. Mwenye naye anasema ugonjwa ulikuwa mkali. La, ni dawa.

Hakuna cha kurudisha nyuma ukishaitoa zaidi ya kuacha mara moja, kumpa maji kama hapo juu na majani yenye nyuzi. Ukihitaji antibiotiki kweli, muulize daktari wa mifugo juu ya trimethoprimu-sulfa au enrofloksasini. Kwa mfano, shurubati ya watoto ya kotrimoksazoli ya miligramu 240 kwa mililita 5 hutolewa mililita 0.4 kwa mnyama wa gramu 700, mara mbili kwa siku. Mililita sifuri nukta nne, si nne.

Mmoja baada ya mwingine, wanakutwa wamekufa asubuhi

Kama ni kizimba kimoja na wamekufa usiku mmoja, tafuta sumu, siafu, panya au kicheche kabla ya vijidudu. Majani yasiyofaa ni haya: ya avoka (parachichi), ya viazi ulaya na nyanya, ya muhogo yakiwa mabichi, ya mbono, lantana, na kangaga. Watoto wanaotumwa kukata majani hukata kinachokaribia. Wafundishe majani mawili matatu ya kukata badala ya orodha ya kukatazwa.

Kama vifo vinasambaa siku hadi siku, majike yanaharibu mimba, na wengine wanakonda kabla ya kufa, hapo ni bakteria wa salmonela au ndugu zao. Huletwa na panya, na mnyama mgeni, na mboga zilizookotwa chini sokoni. Mpasue mmoja aliyekufa saa hiyo hiyo, ukivaa glavu au mifuko miwili ya plastiki, mbali na jiko. Ini na wengu vikiwa vimevimba na vina vidoa vidogo vyeupe-njano kama punje za ulezi, umepata. Ukikuta minyoo bapa kama majani madogo ndani ya ini, chanzo ni majani ya bondeni kwenye maji yaliyosimama: kata juu ya mstari wa maji au acha kukata huko. Damu iliyovia kuzunguka magoti inakurudisha kwenye vitamini C.

Kwa salmonela usitibu kundi. Wanaopona hubaki wanaitoa kwenye kinyesi, na inawapata watu, watoto wadogo zaidi. Ua walioonyesha dalili, uchome au uzike kwa kina cha nusu mita na zaidi pamoja na matandiko, sugua kizimba kwa sabuni, kisha maji ya javeli (dawa ya klorini), acha kikauke juani wiki mbili. Na nyama ya aliyekufa mwenyewe haiingii chunguni, hata kama ameonekana mnene.

Uvimbe chini ya shingo

Jipu la ukubwa wa njugu hadi yai, mnyama anakula kama kawaida. Ni bakteria wa streptokoki waliopenya kwenye tezi kupitia vidonda vya mdomo. Vidonda hivyo hutoka kwenye majani yenye miiba na mabua magumu, au kwenye kuumana. Mtenge. Likilainika, daktari alipasue, atoe usaha wote, aoshe. Ukilipasulia ndani ya kizimba umewagawia wote.

Manyoya yanatoka

Angalia yanatoka wapi kabla ya kuogopa. Jike mwenye mimba kubwa au anayenyonyesha akipoteza manyoya ubavuni pande zote mbili sawasawa bila kujikuna, si ugonjwa. Manyoya yaliyokatika kama kwa mkasi ni ya kung'atana: wamebanana, au wanakosa nyuzi za kutafuna.

Anayejikuna hadi kutoka damu, ngozi nene yenye magamba mgongoni na shingoni, na ukimshika sana anapata degedege, ana utitiri wa upele. Ivermektini ya asilimia 1 inamfaa, ila kipimo ni kidogo mno kwa sindano ya ng'ombe. Tumia sindano ya insulini ya mililita 1 yenye mistari 100: mstari 1 kwa kila gramu 250 za uzito, chini ya ngozi, kurudia baada ya siku 10, mara tatu. Jike anayekaribia kuzaa msubiri. Tibu kizimba kizima siku moja na uchome matandiko. Usichinje kwa nyama mapema kuliko muda mrefu kabisa ulioandikwa kwenye chupa.

Mviringo mkavu usio na manyoya puani na kuzunguka macho ni fangasi wa ngozi. Watoto wanaocheza nao wataupata mikononi.

Mafua na kupumua kwa nguvu

Desturi ya kuwaachia sakafu ya jikoni ina joto, lakini moshi wa makala na kuni uko chini pia, na mkojo uliolowa unatoa amonia inayochoma mapafu. Inama hadi kichwa chako kifike kwenye kiwango cha mnyama, uvute pumzi. Ikikuuma puani, unajua anachovuta usiku kucha. Na usiwachanganye na sungura: sungura hubeba bakteria wa bordetela bila kuumwa, simbilisi anaumwa mapafu na kufa.

Majike hayazai, au yanakufa wakati wa kuzaa

Mimba hudumu kati ya siku 59 na 72, kwa kawaida 68. Jike anaweza kushika tena saa chache tu baada ya kuzaa, kwa hiyo dume likikaa humo muda wote, jike ananyonyesha na kubeba mimba pamoja. Kwa lishe nzuri anaweza kuzaa mara tano kwa mwaka. Kwa matete peke yake anazaa mtoto mmoja mmoja, mdogo, kisha anakoma. Kabla ya kulilaumu dume, mwongezee chakula.

Kufa kwenye uzazi kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni umri. Mifupa ya kinena ya jike hufunguka ili mtoto apite, mradi amewahi kuzaa mapema. Asipozaa hadi miezi saba au nane, kiungo hicho hukaza, na watoto wa simbilisi huzaliwa wakubwa, gramu 60 hadi 100 kila mmoja, wana manyoya na macho wazi. Mpandishe akiwa na miezi mitatu hivi na gramu 400 hadi 500. Ya pili ni njaa ya ghafla kwa jike mnene wiki mbili za mwisho: anaacha kula, analegea, anakufa ndani ya siku chache. Usimhamishe, usimnyime chakula hata nusu siku.

Halafu kuna undugu. Mabinti hushika mimba wakiwa na wiki nne au tano tu, na anayewapanda ni baba yao. Watenge madume wadogo wiki ya tatu, siku ya kuachisha ziwa, na mabinti uwahamishe siku hiyohiyo. Dume badilisha kila mwaka, na mtu wa kilima kingine, Kabare au Walungu, ambaye wanyama wake hawana ukoo mmoja na wako.

Hawakui

Fanya hesabu kabla ya kutafuta minyoo. Simbilisi anakula majani mabichi kama asilimia 30 ya uzito wake kwa siku. Majike 10 na dume 1 wa wastani wa gramu 700 ni kilo 7.7, wanahitaji kilo 2.3, na kwa sababu wanakanyaga na kumwaga, kata kilo 3. Pima furushi unaloleta. Wengi wanaoamini wanaleta "ya kutosha" wanaleta nusu, hasa siku za mvua.

Kisha aina. Matete na tripsakumu (nyasi ndefu za Guatemala) ya kingo za mashamba yanajaza tumbo, lakini yakikomaa protini ni ndogo. Anayekua anahitaji chakula chenye protini karibu asilimia 18. Changanya theluthi moja ya jamii ya kunde: kaliandra, desmodiumu, majani ya maharage baada ya mavuno. Mtoto aliyeachishwa ziwa anayeongeza chini ya gramu 20 kwa wiki, huku furushi ni zito na limechanganywa, ndiye wa kupelekewa sampuli ya choo kwa daktari wa mifugo.

Mnyama mgeni, hata wa ndugu, akae peke yake wiki tatu kwenye boksi upande wa pili wa nyumba, ahudumiwe wa mwisho kila siku. Na ukilazimika kupeleka maiti kuchunguzwa, iweke kwenye mifuko miwili iliyofungwa, siku hiyohiyo, pamoja na karatasi yenye mambo matatu: uzito wake wa wiki zilizopita, alichokula siku tano za mwisho, na jina la kila dawa iliyoingia kizimbani.